Mita au mashine ya kusoma kodi? Tunapima mawasiliano ya kompyuta kwenye ekskaveta iliyotumika, Mwanza

Mwangaluka, ndugu watazamaji. Nyuma yangu ni ekskaveta ya tani 20 iliyotumika, imeegeshwa uwanjani hapa Nyakato, na muuzaji anasema haina tatizo isipokuwa "kaumeme kidogo". Monita ya kabini inawaka, lakini inaandika kwamba haipati mawasiliano na injini. Injini yenyewe inawaka, inabaki sailensa, yaani mzunguko wa chini kabisa, na haipandi resi hata opereta akizungusha swichi ya mwendo hadi mwisho. Nimekuja na vifaa viwili nivishindanishe kwa kazi hii moja: mashine ya kusoma kodi, ninamaanisha kodi za hitilafu na si zile za TRA, inayochomekwa kwenye soketi ya pini tisa, na multimita ya kawaida ya mkononi.

Kwanza tuelewane kinachopimwa. Ekskaveta ya kisasa ina kompyuta kadhaa: ya injini, ya pampu za haidroliki, na monita ambayo nayo ni kompyuta. Zote huzungumza kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa utaratibu uitwao CAN uliotolewa na kampuni ya Bosch mwaka 1986, na injini nyingi za mitambo mizito hufuata lugha ya J1939 juu ya waya hizo, kwa kasi ya kawaida ya biti 250,000 kwa sekunde. Waya moja huitwa CAN ya juu na nyingine CAN ya chini. Kila mwisho wa njia hiyo huwekwa rizista, yaani kipande kinachokinza umeme, cha ohmu 120, na kwa kuwa rizista hizo mbili zimeungwa sambamba, mita ikiwekwa kati ya waya hizo huonyesha takriban ohmu 60. Hiyo 60 ndiyo itakayotuongoza leo.

Nilianza na mashine ya kusoma kodi. Iliwaka vizuri kwenye volti 24, ikatafuta kwa muda, ikanipa SPN 639, namba ambayo katika orodha ya J1939 inasimama kwa mtandao wenyewe. Kwa maneno mengine, kifaa kimenieleza kwamba mawasiliano yamekatika, jambo ambalo monita ilikwisha kunieleza bila malipo. Kompyuta ya injini haikuonekana kabisa, na hapo ndipo udhaifu wa kifaa cha aina hii ulipo: kinasikia wale wanaozungumza tu. Isitoshe, hiki cha kwangu kinasoma upande wa injini peke yake. Kodi za haidroliki ambazo kila mtengenezaji amejitungia hakizifahamu, ilhali mitambo mingi huzionyesha kwenye monita ukijua mpangilio wa vitufe vya kuingilia ukurasa wa fundi. Tahadhari nyingine kabla hujachomeka chochote: kuna watengenezaji waliopanga pini hizo tisa kwa namna yao, kiasi kwamba chanya na hasi za betri hukaa kinyume na J1939. Pima volti kwenye pini kwanza.

Sasa mita. Zima swichi kuu ya betri na usubiri dakika chache, kwa sababu ukipima ukinzani umeme ukiwepo, namba utakayoipata ni ya uongo. Katika soketi ya J1939, CAN ya juu ni pini C na CAN ya chini ni pini D. Nimepima, na mita inasoma ohmu 120.

Hapo ningekuomba usiharakishe. Ohmu 120 maana yake mita inaiona rizista moja tu, kwa hiyo ama rizista ya upande wa pili haipo, ama waya imekatika njiani kabla ya kuifikia. Ingesoma karibu na sifuri, waya mbili zingekuwa zimepiga shoti. Ingesoma 40, mtu angekuwa ameongeza rizista ya tatu mahali isipotakiwa, na hilo hutokea pale fundi anapobadilisha kompyuta na kuweka ambayo ndani yake tayari ina rizista. Kwa sababu hiyo hiyo, ukichomoa kompyuta ya injini na kuona 60 ikiruka hadi 120, usishangilie kwamba umekamata mhalifu, kwani huenda umeondoa tu rizista iliyomo ndani yake.

Nikiwa nimeacha mita kwenye soketi, nilimwomba kijana wa uwanjani atikise fungu la waya kuanzia kwenye kompyuta ya injini kurudi kabini, kipande kwa kipande. Kote kimya, hadi alipofika chini ya sakafu ya kabini, ambapo namba iliruka kutoka 120 hadi 60 na kurudi. Tulipofungua zulia tulikuta matope yaliyokauka, na chini yake waya mbili zilizowahi kuunganishwa na kifaa cha kufuatilia mashine kwa setilaiti. Mmiliki wa zamani alikiondoa kifaa chake, akaacha maungio yamefungwa kwa utepe mweusi peke yake, na maji ya kuoshea kwa presha yakafanya yaliyobaki. Shaba ilikuwa imegeuka kijani na kuwa unga. Sisi tunaoishi na unyevu wa ziwa tunaujua unga huo.

Ikiwa ohmu ni 60 na bado hakuna mawasiliano, washa umeme upime kila waya dhidi ya hasi ya betri. Mtandao ukiwa hai, CAN ya juu husimama juu kidogo ya volti 2.5 na CAN ya chini chini kidogo yake, na jumla yake hukaribia 5. Namba zikitoka nje ya hapo, chomoa kompyuta moja baada ya nyingine hadi zirudi. Usisahau betri pia: volti zikianguka sana wakati wa kupiga stata, kompyuta huzimika kwa kitambo na kuacha kodi za mawasiliano zisizo na kosa lolote kwenye waya. Na muulize muuzaji kama bumu, ule mkono mkubwa wa mtambo, limewahi kuchomelewa betri zikiwa zimeunganishwa, ingawa sitarajii jibu la kweli, maana mkondo wa kuchomelea unaweza kuua kompyuta kabisa, na huo si ugonjwa wa waya tena.

Hukumu yangu kuhusu vifaa hivi ni kwamba kwa mtu anayekwenda uwanjani kukagua mtambo wa kununua, mita ndiyo ya kubeba kwanza, pamoja na mchoro wa waya wa modeli husika. Mashine ya kusoma kodi sikuitupa: mara mtandao uliporudi, ndiyo iliyonionyesha joto la maji, presha ya oili na kodi za zamani za injini, mambo ambayo mita haiyajui. Lakini ukiwa na fedha ya kimoja tu, usianze nayo.

Tulikata sehemu iliyooza, tukaunga waya mpya zikiwa zimesokotwa kama za awali, na kila ungio tukalifunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Mita sasa inasoma 60.4. Opereta amezungusha swichi ya mwendo, na kama mnavyosikia, injini imepanda resi. Muuzaji naye amepandisha bei.