In Time na wenzake: filamu zinazoanza na wazo zito, zikaishia kwenye risasi

In Time, filamu ya Andrew Niccol ya mwaka 2011 ambamo watu hulipa kwa muda wao wa kuishi, ina tukio moja la basi ambalo ningependa kila mkazi wa Nairobi alione. Mama ametoka kulipa deni, amechoka, anapanda basi la kurudi mtaani. Ananyoosha mkono alipe nauli aliyoizoea, saa moja. Dereva anamwambia imepanda, ni saa mbili. Mkononi amebakiwa na saa moja na nusu, na hizo ndizo pumzi zake zote. Anabembeleza, hakuna anayemsaidia. Anashuka na kuanza kukimbia. Mwanawe anayemsubiri kituoni anaona basi limefika bila mama, anaelewa papo hapo, naye anatimka kwenda kumpokea. Wanaonana, wanarukiana, na saa inafika sifuri mama akiwa mikononi mwake.

Hapa kwetu wingu likitanda tu juu ya kituo cha Ambassadeur, nauli ya hamsini inageuka mia kabla tone halijaanguka, na makanga haoni haja ya kueleza. Mwenye hamsini mfukoni anatembea. Pita Jogoo Road alfajiri uwaone wanaokwenda Industrial Area kwa miguu, msururu mrefu, viatu vimejaa vumbi, wengine wamebeba chakula cha mchana kwenye mfuko wa karatasi. Kwa hiyo Niccol aliponionyesha mama anayekimbizana na nauli, sikuhitaji kufafanuliwa chochote. Nilijua nimepata filamu inayojua ninakoishi. Kabla haijaisha nilikuwa natazama muvi ya kawaida ya wizi wa benki, vijana wawili warembo wakikimbia na bastola, na nilihisi nimenyang'anywa kitu.

Wazo lenyewe ni hili. Watu wanaacha kuzeeka wakifika miaka 25. Siku hiyo saa ya kijani inawaka kwenye mkono na kuanza kuhesabu kurudi nyuma. Umepewa mwaka mmoja. Ukitaka zaidi, ufanye kazi, ukope au uibe, kwa sababu muda ndiyo sarafu. Kikombe cha kahawa ni dakika nne. Wa mtaa wa Dayton wanaamka wakiwa na siku moja tu ya kuishi. Wa New Greenwich wana karne nzima mkononi. Kumlipa mtu ni kushikana mkono na kumhamishia saa zako. Mtazamaji wa Ulaya labda aliona hilo ni maajabu, lakini Mkenya alikuwa akitumiana pesa kwa M-Pesa tangu 2007, na salio lisiloshikika linalopungua mbele ya macho yake analijua vizuri.

Nusu ya kwanza imejaa vitu vidogo vilivyofikiriwa kwa makini. Will Salas, yule mwana wa kituoni, anayeigizwa na Justin Timberlake, anapewa zaidi ya karne na tajiri aliyechoka kuishi, anahamia kwa matajiri, na msichana wa huko anamtambua kuwa mgeni kwa sababu moja tu: anafanya kila kitu haraka mno. Huko hakuna anayekimbia, hakuna anayeharakisha chakula. Katika jambo hilo moja umeeleza tofauti ya matabaka vizuri kuliko hotuba yoyote. Hata baadaye sana, filamu ikiwa imeshapotea, bado inamtoa askari anayelinda muda, anayeigizwa na Cillian Murphy, kwa njia inayofaa kabisa: amewafukuza wezi kwa bidii hadi akasahau kuchukua posho yake ya siku, na saa yake inaisha akiwa amesimama. Hapo sheria ya dunia ile inafanya kazi yake, na unaona ni filamu gani ingeweza kuwa.

Lakini kati ya vitu hivyo viwili kuna kuteka nyara, kuna kukimbizana kwa magari, kuna benki moja baada ya nyingine. Muda ambao mwanzoni ulikuwa uhai wa mtu unageuka kuwa mabunda ya noti. Badilisha ile miaka milioni inayoibwa kwenye sefu uweke dola milioni, na hakuna chochote kinachobadilika. Nilipoitazama tena na wadogo zangu sebuleni mtaani Umoja, tukio la basi liliwanyamazisha wote. Walipofika kwenye bastola, simu zikaanza kutoka mifukoni. Wa mwisho kuzaliwa, ambaye yuko sekondari, ndiye aliyeuliza swali lililonibaki: "Sasa maskini wakigawiwa hiyo miaka yote, si bei itapandishwa tu?" Na ni kweli, filamu yenyewe inakiri kwamba wakubwa watapandisha bei. Inalishika swali zito kabisa la uchumi, inalitazama kidogo, kisha jibu lake ni kwenda kuiba zaidi.

Tangu hapo nina kipimo kimoja ninachokitumia kwa kila filamu ya namna hii. Fika katikati, kisha liondoe lile wazo lililokufanya uitazame. Kama hadithi inaendelea kutembea kana kwamba hakuna kilichoondolewa, basi waliotengeneza walilitumia wazo kama chambo.

Anayeniambia hili haliwezekani kufanywa vizuri namwonyesha Gattaca, ya 1997, ambayo ni ya Niccol huyo huyo. Mtu aliyezaliwa kwa njia ya kawaida anataka kwenda anga za juu katika dunia inayowapima watu kwa jeni, kwa hiyo anaishi kwa damu na mkojo wa mtu mwingine. Kila asubuhi anajisugua ngozi kwa nguvu ili asiache hata chembe yake kazini. Kisha kope moja inaanguka, polisi wanaiokota, na moyo wako unadunda kwa sababu ya unywele mmoja wa jicho. Hakuna dakika unayoweza kuondoa jeni ukabaki na hadithi. Basi uwezo alikuwa nao. Ndiyo maana In Time inaniuma kuliko filamu mbaya za kawaida, ambazo mtu husahau akishazima televisheni.

Passengers ya 2016 inaniuma kwa namna nyingine, na pengine zaidi. Chombo cha angani kimebeba abiria 5,000 waliolazwa usingizi wa miaka 120 kuelekea sayari mpya. Jim, fundi, anaamshwa na hitilafu miaka 90 kabla ya kufika. Atazeeka na kufa peke yake humo, rafiki yake ni roboti ya baa. Baada ya zaidi ya mwaka wa upweke anamwangalia mwanamke aliyelala, Aurora, anasoma aliyoyaandika, anampenda, na anamwamsha. Anajua anamhukumu kifo. Halafu anamwacha aamini kuwa naye ameamka kwa hitilafu.

Hilo ni jambo zito sana kumfanyia binadamu. Ni wizi wa maisha mazima, na mwathiriwa anakula chakula na mwizi wake, anacheka naye, anampenda. Siku anapoujua ukweli, kupitia kwa roboti ile ile, Jennifer Lawrence anaigiza ghadhabu ambayo ilinifanya nikae wima kwenye kochi. Nilitaka kuona: watu wawili, chombo kimoja, hakuna pa kukimbilia, miaka iliyobaki. Ataishije naye? Atamsamehe vipi, au hatamsamehe kamwe?

Filamu ikaogopa. Ghafla mitambo inaharibika, afisa mmoja anaamka kwa muda wa kutosha kuwapa maelekezo kisha anafariki, na sasa ni lazima washirikiane kuokoa wote. Jim anahatarisha maisha yake, Aurora anamlilia, deni limefutwa. Msamaha haukutafutwa, uliletwa na moto wa injini. Ninaamini kabisa kwamba kama filamu ingeanza na Aurora akifumbua macho, tusijue nani kamwamsha, tungekuwa na hadithi ya kutisha na ya kweli. Waliogopa kwamba tutamchukia staringi. Tungemchukia, ndiyo, na tungeendelea kutazama.

The Purge, 2013: usiku mmoja kwa mwaka, saa 12 mfululizo, kila uhalifu Marekani ni halali. Fikiria maswali yanayotoka hapo. Nani anaghushi hati ya shamba? Hospitali zinafanyaje? Mlinzi wa usiku anayelinda mali ya tajiri analindwa na nani? Sisi tunaoishi mjini ambako ukuta, seng'enge ya umeme na askari wa geti vinauzwa kulingana na mfuko wa mtu, tungekuwa na mengi ya kusema. Filamu inaonyesha nyumba moja iliyovamiwa, watu waliovaa vinyago, korido za giza. Najua ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 3, na nyumba moja ni nafuu kuliko jiji. Ya pili, ya 2014, ilitoka barabarani. Lakini ufinyu wa mahali si kisingizio, na nitaeleza kwa nini. (Downsizing ya 2017, ile ya watu wanaopunguzwa hadi kimo cha sentimita 13 hivi ili pesa zao kidogo ziwe utajiri, sitaisema sana: baada ya saa ya kwanza udogo wenyewe unasahaulika, na ungeweza kuitazama kama safari ya mtu yeyote mwenye huzuni.)

Kuhusu mahali pafinyu. Kati Kati ya Mbithi Masya, 2016, imefanyika karibu yote katika nyumba za wageni zilizo nyikani. Kaleche, anayeigizwa na Nyokabi Gethaiga, anajikuta nyikani akiwa na gauni la hospitali, hana kumbukumbu hata moja. Anawakuta watu wanaoonekana kama wako likizo. Wanamwambia wamekufa, naye pia. Hawawezi kuondoka. Ni dakika 75 tu, wala haina hata gari moja la kukimbizana, na bado kila mazungumzo yanabanwa na sheria ile: uko hapa kwa sababu kuna jambo hujalikabili. Hata pale kidonda cha ghasia za uchaguzi kinapoguswa, kinaguswa kupitia mtu mmoja na anachobeba. Liondoe wazo la kifo pale katikati, na filamu nzima inaporomoka. Jopo la wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI, liliipa tuzo kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka huo huo, na ilistahili.

Wanaosema watazamaji wetu wanataka risasi tu, nadhani hawatuheshimu. Nimekaa kwenye vibanda vya video utotoni, DJ Afro akitusimulia filamu za kigeni, na ninajua shangwe ya ngumi na risasi. Nilikuwa napiga kelele na wengine. Ila kelele zile zilitokana na kumjua anayepigana na anachopigania. Vijana wanaoandika filamu hapa Nairobi siku hizi wana mawazo ya kutosha, na wengi wana bajeti ya kupanga chumba kimoja tu. Ningewaomba wakae na wazo lao hadi mwisho, hata linapowatisha, na hasa linapowatisha.

Sasa, utazame nini? Kati Kati kwanza, maana ni saa moja na robo tu. Gattaca iwekee jioni ambayo hutasumbuliwa. In Time naipa tisa juu ya kumi kwa nusu ya kwanza na nne kwa ya pili. Itazame pamoja na watu wa kubishana nao. Passengers inafaa kwa sababu ya Lawrence na ile ghadhabu yake, na ukitaka kuizima mitambo inapoanza kuharibika hutakuwa umekosa kitu. The Purge, ruka ya kwanza uanze na ya pili.