Unga wa bakteria wa kuzuia mizizi kuoza: tathmini baada ya misimu miwili Dodoma

Kwa misimu miwili nimetumia unga wa bakteria aina ya Bacillus subtilis katika bustani yangu ndogo ya kilimo cha maji, yaani bila udongo, hapa Nzuguni, ambako saladi hukua ndani ya mabomba ya plastiki yanayolishwa na tangi la lita 200. Ninawaandikia wakulima wenzangu ambao joto la Oktoba na Novemba limewahi kuwaachia mizizi ya kahawia yenye harufu ya uvundo.

Mwozeshaji mkuu ni Pythium, kiumbe anayefanana na kuvu, ambaye mbegu zake huogelea majini kutoka mche mmoja hadi mwingine. Hupata nafasi pale mzizi unapokosa hewa: maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba takribani 7.5, na sisi tulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari tunapata pungufu ya hapo. Bakteria wa unga huu huutangulia ugonjwa kwa kujenga makazi juu ya mzizi, kugombea chakula, na kutoa kemikali zinazomdhuru adui.

Msimu wa kwanza niliwatia katika bomba ambalo tayari lilikuwa na ugonjwa, na hawakuponya chochote. Nilipoubana mzizi kwa vidole, ganda la nje lilichomoka lote ukabaki uzi mwembamba, nikalazimika kung'oa miche yote. Msimu wa pili nilianza tangu miche ikiwa kitaluni, nikarudia kila nilipobadilisha maji ya virutubisho, na wiki ya nne mizizi ilikuwa bado myeupe, imetanda kama ndevu. Ni haki niseme kwamba msimu huo pia nilifunika tangi kwa magunia mabichi na kuongeza pampu ya hewa, kwa hiyo sifa yote siwezi kuupa unga peke yake.

Malalamiko yangu ni juu ya maelezo. Pakiti haitaji idadi ya bakteria hai kwa gramu, na haionyi kwamba klorini ya maji ya bomba inaweza kuwadhoofisha, hivyo mimi huyaacha maji wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia. Kibaya zaidi, muuzaji wa duka nililonunua alinishauri nichanganye na haidrojeni peroksaidi, dawa ambayo huua bakteria wabaya na wazuri kwa pamoja. Ushauri huo ungenipotezea fedha yote.

Nitaununua tena, kwa masharti kwamba tarehe ya mwisho wa matumizi isomeke na pakiti iwe imehifadhiwa kivulini, si kwenye rafu ya dirishani inayopigwa na jua la mchana.