Uchambuzi: Tundu la Kasuku Lenye Magurudumu na Hatari Zilizo Katika Maungio Yake

Hamjambo watazamaji wangu, na karibuni. Tundu lililo mbele yangu ni lile la chuma cheusi lenye magurudumu manne, ambalo wauzaji wengi hapa Mombasa humhakikishia mnunuzi kuwa linamfaa kasuku wa aina yoyote. Mimi nitalipima kwa kasuku mmoja tu, yaani kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kwa kuwa mdomo wake hauachi kitu bila kukijaribu: kila skrubu, kila pete na kila kipande cha rangi kitatafunwa siku moja au nyingine. Anayetaka kumfuga ndege huyu hapa Kenya aanze na kibali cha KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori. Tangu Januari 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ambao haukubali biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliotegwa porini.

Kuhusu ukubwa sina maneno mengi. Upana ni sentimita 60 kwa 60, na kimo cha ndani ni sentimita 90. Mabawa ya kasuku wa kijivu yakikunjuliwa hukaribia nusu mita, hivyo ataweza kujinyoosha humu lakini hataweza kuruka. Tundu hili ni la ndege anayetolewa nje kila siku, na asiye na nafasi ya kumtoa atafute kubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye nafasi kati ya fito, na naomba kamera isogee karibu. Upande huu nafasi ni sentimita 2, kipimo kizuri kwa kasuku wa kijivu, ambaye huhitaji kati ya sentimita 1.9 na 2.5 hivi. Kasuku wadogo, kama wale wa Fischer wenye asili ya kaskazini mwa Tanzania, wanaweza kupenyeza kichwa humu na wakashindwa kukirudisha, kwa hiyo maneno ya "aina yoyote" yamekwisha kukanushwa na rula. Hata kwa kasuku wa kijivu, kipimo cha katikati ya ukuta hakitoshi, kwa sababu hatari hujificha pale fito zinapokutana na kitu kingine. Tazameni hapa kwenye bawaba ya mlango: mlango ukifungwa, nafasi inaanza kwa upana wa kidole changu juu na kumalizikia kama ncha ya kisu chini. Ndege anayepanda akishikilia kwa mguu huteremsha kidole mpaka kwenye ncha hiyo, kisha uzito wake wote hukikaza. Kwa sababu hiyo hiyo siyapendi matundu ya mviringo yenye kuba, ambayo fito zake hukusanyika kileleni. Paa la tundu hili ni bapa na linafunguka, na katika hilo mtengenezaji anastahili sifa. Pengo la bawaba linaweza kuzibwa na fundi kwa kipande cha bapa cha chuma kisichoshika kutu, lakini muuzaji hatakwambia kwamba gharama hiyo inakusubiri.

Milango ya vyombo vya chakula inanitia wasiwasi zaidi. Ni ile inayoinuliwa juu na kuachwa ishuke kwa uzito wake. Kasuku hujifunza haraka kuiinua kwa mdomo, akatoa kichwa, na mlango ukamwangukia shingoni. Kila mlango wa namna hii ufungwe kwa pete ya skrubu inayokazwa kwa mkono. Komeo la mlango mkubwa nalo ni la kusukuma upande, na ndege mwenye akili ya kasuku wa kijivu hahitaji muda mrefu kulielewa. Liongezewe kufuli dogo, na ufunguo uwekwe pale ambapo kila mtu nyumbani anaweza kuufikia, kwa sababu moto ukizuka hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuutafuta.

Suala la chuma lenyewe ndilo lililonifanya nilichague tundu hili kwa uchambuzi. Fito zake ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya unga na kuokwa. Rangi ya namna hiyo ikiwa nzima na haina zinki wala risasi, sina ugomvi nayo. Hata hivyo, hewa ya chumvi ya pwani huingia kwenye mkwaruzo mdogo kabisa, kutu huinua rangi, na kasuku humalizia kazi kwa kuibambua na kuimeza. Wengi hukwepa bei ya duka kwa kwenda kwa fundi wa jua kali, naye huwaundia tundu imara sana kwa waya wa mabati, na kwa kasuku waya huo ni mbaya kuliko rangi iliyobambuka. Umefunikwa kwa zinki, ambayo mara nyingi huacha matone na vipande vilegevu kwenye maungio, na katika unyevu hutoa unga mweupe. Kuusugua kwa siki hupunguza unga na vipande hivyo, lakini zinki yenyewe hubaki pale pale. Wala sumaku isikudanganye, kwani hushika chuma kilichopakwa rangi na kilichopakwa zinki bila kutofautisha. Na matundu ya zamani ya shaba, yale ya mapambo, huenda yaliungwa kwa lehemu yenye risasi, yabebeshe maua.

Vifaa vilivyokuja ndani ya tundu ningevitoa karibu vyote. Kijiti kimevikwa msasa, ati upunguze kucha, ilhali kinachochubuka ni nyayo. Weka tawi la mpera lisilopuliziwa dawa, lenye unene usiolingana, ili mguu ubadilishe mkao. Kamba ya pamba imeanza kufumuka hata kabla ya kutumika, na nyuzi zake zinaweza kukinyonga kidole mpaka damu isipite. Kengele ni ya njuga yenye mpasuko, nao mpasuko hunasa ncha ya ukucha, na sijui kigololo cha ndani ni cha madini gani. Kulabu ya kufyatuka inayoishikilia inaweza kumnasa ndege mdomo. Vyombo vya chakula vya plastiki vibadilishwe kwa vya stenlesi.

Magurudumu ni mazuri, ila yanamshawishi mtu kulisogeza tundu jikoni ili ndege apate watu wa kuzungumza naye. Asifanye hivyo. Kikaango kisichogandisha chakula, kile chenye mpako wa PTFE (maarufu kama Teflon), kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoweza kumuua ndege kwa dakika chache, wakati mpishi hajahisi chochote. Udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma navyo vifukizwe chumba kingine.

Kwa bei linalouzwa, ningelinunua tundu hili kwa kasuku wa kijivu ikiwa tu fedha za fundi, kufuli, vijiti na vyombo vipya zimo katika hesabu, na ikiwa muuzaji anakubali nipitishe kidole kila ungio kabla ya kulipa. Vinginevyo ningesubiri hadi nipate la stenlesi. Walio nalo tayari walikague kila wiki wakati wa kuliosha, na wakiona rangi imebambuka huku ndege amezubaa, anatapika, anatoa majimaji mengi kwenye kinyesi au anatetemeka, wasingoje kesho. Wampeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na kipande cha rangi au waya huo, kwa kuwa vipande vya madini vikikaa kwenye firigisi mara nyingi huonekana kwa eksirei, na zipo dawa za kuifunga zinki na risasi zilizoingia kwenye damu, ambazo hufaa zaidi zikianza mapema.