Miezi Saba na Mashine ya Kufuatilia Saratani Ndani ya Panya

Kabla maabara yetu haijanunua mashine ya kupiga picha za floresensi (mng'ao ambao kitu hutoa kinapomulikwa kwa mwanga wa rangi nyingine), aliyetaka kujua kama saratani ya titi imeshafika kwenye mapafu ya panya hakuwa na njia ila kumuua na kumpasua. Kwa hiyo, hali ya wiki ya pili, ya nne na ya sita ilidai makundi matatu ya panya. Sasa panya yuleyule hupigwa picha kila wiki hadi mwisho wa jaribio, na kwa hilo peke yake naona mashine imekwisha kulipa gharama yake.

Kuitumia si kazi ngumu. Panya hupewa nusukaputi ya isoflureni, akalazwa juu ya bamba lenye vuguvugu ili mwili usipoe, pua yake ikiwa ndani ya kikombe kidogo kinachoendelea kumpa dawa, kisha mlango hufungwa na ndani kukawa giza totoro. Taa humulika kwa rangi moja. Seli za saratani, ambazo awali zilitiwa jeni ya protini inayong'aa, hurudisha mwanga wa rangi nyingine, na kamera iliyopoozwa mno huunasa mwanga huo baada ya kichujio kuuzuia ule wa taa.

Tulianza na protini ya kijani, ile ya yavuyavu iliyowapatia Shimomura, Chalfie na Tsien Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008, nayo ilituangusha. Mwanga wake una urefu wa wimbi ulio karibu na nanomita 509, ilhali damu hufyonza sana mwanga ulio chini ya nanomita 600, hivyo uvimbe wa chini ya ngozi ulionekana barabara, lakini ule wa mapafuni haukujitokeza mpaka kifua kilipofunguliwa. Tukahamia iRFP, protini inayong'aa kwa wekundu uliokaribia infraredi, ambayo kilele cha mwanga wake ni nanomita 713, na picha za ndani zikawa afadhali sana.

Afadhali hiyo ilikuja na kisa chake. Asubuhi moja matumbo ya panya wote yaling'aa, pamoja na wale ambao hawakuwahi kutiwa seli yoyote ya saratani. Tulihangaika siku mbili na vichujio kabla ya mtunza wanyama kutuuliza, kwa upole, kama tumesoma mfuko wa chakula: kilikuwa na alfalfa, na klorofili yake hung'aa katika rangi hizohizo nyekundu. Tulipobadilisha chakula, matumbo yalizimika. Kitabu cha maelekezo hakikugusia jambo hilo hata kwa mstari mmoja, nami nalihesabu kuwa kosa kubwa la muuzaji.

Manyoya nayo huzuia mwanga, kwa hiyo panya hunyolewa. Wale wa aina ya "nude", wasio na manyoya, wanarahisisha kazi, ila hawana tezi ya thaimasi, ambamo seli T za kinga hukomaa, na anayechunguza kinga ya mwili hawamfai.

Lawama yangu ya mwisho ni ya programu, ambayo hupanga upya kipimo cha rangi, yaani rangi ipi isimamie mwanga wa kiasi gani, kwa kila picha isipozuiwa. Mwanafunzi mmoja alikaribia kushangilia kwamba dawa imepunguza uvimbe, kumbe picha ya wiki ya sita ilikuwa na kipimo kilichopanuliwa mara kumi, hivyo mwanga uleule ukaonekana hafifu. Tangu siku hiyo, kipimo hufungwa kabla panya wa kwanza hajaingizwa.