MikroTik hAP lite: kirauta kilichotuonyesha bando linakokwenda

Nyumbani kwetu Chumbageni, Tanga, intaneti ndiyo kazi yangu. Meza iko barazani, na watu wanakuja niwaombee cheti cha kuzaliwa RITA, niwajazie fomu za mkopo wa elimu ya juu za HESLB, niwatumie maombi ya vyuo. Bando likikata asubuhi ya siku ya mwisho ya maombi, kuna mtoto wa mtu amekaa kwenye benchi langu na muda unamkimbia. Kwa hiyo bando la mwezi la rauta yetu ya 4G lilipoanza kuisha katikati ya mwezi, bila mgeni na bila kifaa kipya ninachokijua, nililivalia njuga.

Rauta tuliyopewa na kampuni inaonyesha matumizi, lakini ni jumla moja ya nyumba nzima. Haisemi nani katumia nini. Na namba zikikosekana watu huanza kutazamana. Mama alishapata wake: "Mwanangu, ni huyo kijana wa chumba cha uani. Usiku kucha simu yake inawaka." Kijana huyo ni mpangaji wetu, anachangia bando kila mwezi, na hapiti mbele ya Mama bila shikamoo. Nikamwambia, "Mama, tusimtaje mtu mpaka tuhesabu."

Cha kuhesabia nilichonunua ni MikroTik hAP lite. Ni kirauta kidogo cha kampuni ya Latvia, kinaenea kiganjani, kina matundu manne ya waya na Wi-Fi ya 2.4 GHz peke yake. Nilitoa shilingi 85,000. Ukikishika unaweza kukidharau, maana ni plastiki nyepesi tupu. Uzuri wake uko ndani: kinatumia RouterOS, mfumo uleule ambao mafundi wa mitandao wanaufunga maofisini na hotelini, na mfumo huo unajua kuhesabu.

Kukifunga si kazi. Waya mmoja unatoka rauta ya 4G kuingia tundu la kwanza la hAP lite, kisha unazima Wi-Fi ya ile rauta ya kampuni ili kila kifaa kilazimike kupita kwenye kirauta kipya. Baada ya hapo unafungua programu ya WinBox kwenye kompyuta, ya bure, na unaweka neno lako la siri kabla ya jambo lolote lingine. Kwenye orodha ya DHCP, yaani ya vifaa ambavyo kirauta kimevipa anwani, utaviona vifaa vyote vya nyumba. Kila kimoja nilikipa anwani isiyobadilika, na nilivyovitambua nikavipa jina: TV ya Mama, simu ya mpangaji, laptopu ya mdogo wangu, printa yangu. Kisha kwenye Simple Queues, sehemu ya kupangia na kupimia matumizi ya kila kifaa, nikakiwekea kila kimoja mstari wake, bila kukibana kasi, kazi yake kuhesabu tu kilichopanda na kilichoshuka.

Hapa pana jambo la kuzingatia sana. Kwenye kanuni za ulinzi kuna moja inaitwa Fasttrack, inayokuja tayari kutoka kiwandani. Inapitisha data njia ya mkato ili kirauta kisichoke, na data inayopita huko haihesabiwi na Simple Queues. Usipoizima, TV itacheza tamthilia nzima na mstari wake utaonyesha vimegabaiti vichache. Izime kwanza ndipo uamini namba. Kwa kasi ya 4G ya kwetu, kirauta kinamudu vizuri bila Fasttrack.

Jibu lilikuja usiku wa kwanza kabisa. Ilikuwa saa saba, nyumba nzima imelala. Simu ya mpangaji ilikuwa karibu na sifuri, TV sifuri, laptopu imezimwa. Mstari mmoja tu ulikuwa hai, na kilichonishtua ni upande: data haikuwa inashuka, ilikuwa inapanda, inakwenda nje, karibu megabiti 1 kila sekunde, haipumui. Kwenye orodha kifaa hicho hakikuwa na jina, kilikuwa na namba ya MAC tu, ile ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani. Asubuhi nikapitia vibandiko vya vifaa vyote vya nyumbani, na namba ileile nikaikuta chini ya kamera ya getini.

Kamera hiyo tuliiweka baada ya baiskeli ya jirani kuibwa. Fundi aliifunga, akaiunganisha kwenye Wi-Fi, na akaiwasha irekodi kwenye hifadhi ya mtandaoni kila inapoona kitu kinacheza. Sasa mbele ya geti letu kuna mwembe, na upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, matawi hayatulii usiku wala mchana. Kwa kamera, kila jani ni mtu anayepita.

Piga hesabu uone. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 450 kwa saa. Kwa siku ni GB 10.8, na kwa siku 30 ni GB 324. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inakula hadi GB 3 kwa saa. Mpangaji angelazimika kutazama sinema zaidi ya saa tatu na nusu kila siku ya Mungu ili alingane na kamera ambayo hakuna mtu aliyeifikiria.

Tuliiwekea kadi ya kumbukumbu irekodi humohumo, tukazima hifadhi ya mtandaoni, na eneo la kuangalia mwendo tukalipunguza libaki geti peke yake. Mstari ukalala. Mama aliangalia zile namba nilipomwonyesha, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimpelekee kijana sahani ya wali wa nazi.

Laptopu ya mdogo wangu nayo ilikuwa inapandisha kiasi. Windows ina mpango wa kugawia kompyuta nyingine za mtandaoni masasisho iliyokwisha kuyapakua. Unazimwa kwenye mipangilio ya Delivery Optimization, yakaisha.

Kasoro zipo na sizifichi. Menyu zote ni za Kiingereza na ni nyingi mno, mtu asiyezoea atahitaji wa kumwelekeza mara ya kwanza. Simu za siku hizi, kuanzia Android 10 na iOS 14, hutumia MAC ya kubuni kwenye kila Wi-Fi, kwa hiyo namba haikuambii ni ya kampuni gani. Inabidi uzime simu moja moja uone ipi imetoka kwenye orodha. Usishangae pia namba za WinBox zisipolingana na za kampuni: WinBox inahesabu kwa 1024, na GB 100 za anayehesabu kwa 1000 zitaonekana kama 93.

Kasoro iliyoniudhi zaidi ni kwamba kikizimika, mahesabu ya Simple Queues yanarudi sifuri. Umeme ukikatika tu, kazi ya siku nzima imekwenda. Dawa yake ni rahisi, kwa sababu kinatumia waya wa micro USB wa volti 5: nimekichomeka kwenye pawabenki inayoweza kuchajiwa huku inatoa umeme, na hakijazimika tena.

Kwa nyumba yenye intaneti ya 4G na vifaa vya kawaida ninakipendekeza kwa moyo wote. Mwenye faiba ya zaidi ya Mbps 100 asikinunue, maana matundu yake hayavuki hapo. Huyo atafute hAP ax2, ambayo ina matundu ya gigabiti na Wi-Fi ya 5 GHz, na namna ya kuhesabu ni hiihii.