Tulilipia nyumba ya Victor Hugo, tukaonyeshwa bustani

Usimlipe mtu wa kati akupeleke Hauteville House, nyumba aliyoishi mshairi Mfaransa Victor Hugo katika kisiwa cha Guernsey. Naanza na hilo kwa sababu hasira haijanitoka, na kwa sababu wakala aliyetupeleka kwa meli ya watalii kiangazi kilichopita bado anawauzia Waswahili waishio Uingereza safari ileile kwa maneno yaleyale: ziara ya jumba la mshairi, Guernsey, kila kitu ndani ya bei. Jumbani hakutupeleka. Alitupeleka bustanini.

Anayeifahamu sehemu ile ataona ujanja uko wapi. Nyumba iko mtaa wa Hauteville, juu ya bandari ya St Peter Port, na ina ziara za aina mbili. Bustanini unatembea mwenyewe, huhitaji kiongozi. Ndani ya nyumba huingii ila na kiongozi wa makumbusho, katika kundi dogo, kwa saa uliyopangiwa, kwa Kifaransa au Kiingereza. Wala si urasimu. Ngazi ni nyembamba na zina giza, kuta zimevikwa vitambaa vya zamani, na samani nyingi ziko wazi kabisa, mtu akigeuka na begi mgongoni anakwaruza mbao zilizochongwa miaka zaidi ya mia na hamsini iliyopita. Kundi la kujaza basi haliwezi kuingia kwa mkupuo. Lazima ligawanywe, kila sehemu na saa yake, na nafasi za kiangazi zinachukuliwa mapema. Hiyo ndiyo kazi tuliyomlipa wakala aifanye, na ndiyo aliyoiruka.

Pale mlangoni mfanyakazi wa makumbusho alitafuta jina la wakala kwenye orodha ya siku ile, kwa upole, mara ya pili na ya tatu. Halikuwemo. Mzee mmoja wa kundi letu, mwalimu mstaafu wa fasihi ambaye wengi tulikata tiketi kwa kuvutiwa na mazungumzo yake, akamuuliza msindikizaji wetu, kijana wa wakala: "Kijana, na nyumba je?" Msindikizaji hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. Alijibu: "Mzee, nyumba ni nyumba tu. Bustani umeiona, benchi umekalia, unataka nini tena?"

Jibu hilo ndilo ninaloandikia. Kukosa nafasi kunatokea. Kumwambia mtu mzima, mbele ya watu, kwamba alichokilipia hakina maana, hakuvumiliki. Na ni uongo, maana katika nyumba za washairi zote zilizogeuzwa makumbusho, hii ndiyo ambayo ukiiona kwa nje tu hujaona kitu. Kwa mbele ni nyumba nyeupe ya kawaida ya ghorofa, utaipita bila kugeuka. Kilichomo ndani Hugo alikibuni kwa akili yake na kukisimamia mwenyewe kwa miaka, kama anavyosimamia diwani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mshairi wa Ufaransa ana jumba katika kisiwa kilicho chini ya Taji la Uingereza. Hugo alipinga mapinduzi ya Desemba 1851 ya Louis-Napoléon, rais wa Ufaransa aliyejigeuza kuwa mfalme Napoléon wa Tatu, akakimbilia Brussels, kisha Jersey, kisiwa jirani na Guernsey, na Jersey wakamfukuza mwaka 1855. Akavuka kwenda Guernsey. Mwaka 1856 diwani yake *Les Contemplations* iliuzwa sana, na fedha zake ndizo zilizonunua nyumba hii. Mwenye mali kisiwani hafukuzwi kirahisi, kwa hiyo ununuzi ule ulikuwa pia ngao. Napoléon wa Tatu alipotoa msamaha mwaka 1859, Hugo aliukataa. Alirudi Ufaransa 1870, utawala ule ulipoanguka.

Haya yote msindikizaji hakuyasema. Alitueleza maduka ya manukato yako upande gani.

Sasa niseme nilichokiona, maana mchana zilipatikana nafasi mbili za watu walioghairi, na mimi na mzee tukazilipia upya kutoka mifukoni mwetu. Wengine walikuwa wameshateremshwa madukani.

Ghorofa ya chini ina giza, na limekusudiwa. Hugo alinunua kisiwani makasha ya zamani ya mwaloni, akayavunja, kisha akawaagiza maseremala wayaunge upya kwa michoro aliyoichora yeye: ubao wa kasha unakuwa mgongo wa kiti, mlango unakuwa meza. Chumba cha mazulia kina meko ya mwaloni iliyopanda mpaka karibu na dari, minara na nguzo juu yake kama uso wa kanisa kuu. Mazulia yamefunika kuta na yamepanda hadi darini. Msomaji aliyekulia na makasha ya Zanzibar au Lamu atasimama hapo muda mrefu, kwa kuwa ataijua kazi ya mkono wa fundi, na atashangaa kuona kasha limefanywa kila kitu isipokuwa kasha.

Chumba cha kulia kimefunikwa vigae vya Delft, vya Kiholanzi, vyenye rangi ya buluu na nyeupe, na juu ya meko vimepangwa vikaunda herufi H kubwa, ya Hugo na ya Hauteville. Juu ya mlango kuna maneno ya Kilatini, EXILIUM VITA EST, maisha ni uhamisho. Kwenye ukuta kuna kiti kikubwa cha mbao chenye mnyororo uliofungwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine ili asikalie mtu yeyote. Ni kiti cha wazee waliotangulia. Familia ilikula kila siku mbele yake, na kuanzia 1862 watoto maskini wa kisiwani walikaribishwa nyumbani humo kila wiki kula chakula. Mzee alikitazama kile kiti, akavua kofia.

Ukipanda, mwanga unaongezeka. Ghorofa ya kwanza ina sebule mbili, nyekundu na ya buluu, zenye vitambaa vilivyodariziwa shanga na sanamu zilizopakwa dhahabu zikishika mienge. Ni nyingi mno, macho yanachoka. Ghorofa ya pili ni ukumbi wa mwaloni wenye kitanda kikubwa kilichoandaliwa kwa ajili ya Garibaldi, mpiganaji wa umoja wa Italia. Garibaldi alialikwa, hakufika. Halafu ngazi ya mwisho, nyembamba kuliko zote, na unatokea kwenye chumba cha vioo juu ya paa, alichojijengea mwanzoni mwa miaka ya 1860. Humo alifanya kazi akiwa amesimama, karatasi kwenye kibao kilichofungwa ukutani, bahari ikiwa mbele yake: visiwa vya Herm na Sark, na hali ya hewa ikiwa safi unaona pwani ya Ufaransa asiyoruhusu miguu yake kuikanyaga. Alilala chumba kidogo pembeni hapo hapo, kwenye kitanda cha chini, ilhali vyumba vya fahari viko chini yake. *Les Travailleurs de la mer*, riwaya ya 1866 aliyokitunukia kisiwa cha Guernsey, inasomeka tofauti ukishasimama pale.

Kutoka gizani hadi kwenye vioo: huo ndio mpango wa nyumba nzima, na ndio sababu haikatwi vipande. Mtu anayekuuzia bustani peke yake amekuuzia jalada.

Nilikusudia niishie kwenye laana, lakini haki ni haki, wakala ana utetezi mmoja wenye uzito. Meli za watalii hazifungi gati St Peter Port. Zinatia nanga nje, na abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Mawimbi yakiwa makubwa, boti zinachelewa, na nahodha anaweza kufuta kituo chote. Kundi lililokata saa nne asubuhi linaweza kuwa bado linasubiri boti saa tano, na nafasi imeenda. Kwa hiyo anayeuza ziara hii kwa watu wa meli anacheza na bahari, na naelewa kwa nini aliogopa kulipia nafasi mapema.

Ila basi angesema! Angeandika kwamba nyumba haina uhakika. Angekata nafasi za alasiri, saa tatu hivi baada ya saa ya kutia nanga, zitoshe kuchelewa na kupanda kilima. Aliandika "kila kitu ndani ya bei" na akaweka picha ya chumba cha vioo kwenye tangazo. Kadiri ninavyomtetea ndivyo ninavyomwona hakustahili kutetewa.

Kwa anayetaka kwenda, afanye hivi. Achague kati ya majira ya kuchipua na mwisho wa Septemba, maana majira ya baridi nyumba hufungwa, na aangalie siku ya wiki ambayo hawafungui kabla ya kukata tiketi ya chombo. Akate nafasi ya ndani ya nyumba moja kwa moja kwa makumbusho, jina lake mwenyewe liwe kwenye orodha. Kama ana uwezo, aende kwa feri na alale usiku mmoja, asitegemee meli ya watalii. Kutoka bandarini ni mwendo wa robo saa hivi kwa miguu, mlima mtupu, na ndani ni ngazi tu hadi juu. Mwenye magoti mabovu aulize mapema. Avae viatu laini. Bustani aiache iwe ya mwisho: humo kuna mwaloni alioupanda Hugo tarehe 14 Julai 1870 akiuita wa Muungano wa Nchi za Ulaya, na utakuwa na maana zaidi ukitoka ndani. Akibakiwa na muda, sanamu yake ya mawe iko Candie Gardens, upande mwingine wa mji. Na noti za Guernsey azibadilishe kabla hajaondoka, kwa kuwa maduka mengi ya Uingereza huzikataa.

Kuhusu hali ya nyumba, kazi iliyofanywa kabla haijafunguliwa tena mwaka 2019 inaonekana. Maji yalikuwa yanapenya paani na kwenye vioo, na sasa vitambaa vimekaa vizuri na chumba cha juu hakinuki unyevu. Jiji la Paris, ambalo lilikabidhiwa nyumba na kizazi cha Hugo mwaka 1927, limeitunza kama amana. Lalamiko langu dogo ni muda. Ziara ya saa moja haitoshi kwa ghorofa ya chini peke yake, na kiongozi mzuri analazimika kukuvuta mkono pale unapotaka kubaki. Hata hivyo nyumba naipa alama zote.

Wakala nilimwandikia. Alinijibu kwa kunipa punguzo kwenye safari yake ijayo, bila neno hata moja kwa mzee. Punguzo sikulitaka. Nilichotaka ni fedha za wale waliorudi melini bila kuingia, na kijana wake ampigie mzee simu amwombe radhi. Mpaka ninapoandika, hakuna kilichofanyika kati ya hayo mawili.