Nimejipima apnia ya usingizi kitandani kwangu mwenyewe, uzoefu wangu

Mke wangu alikuwa ananiambia kitambo kwamba nikilala naacha kupumua, mi nikawa naona ananitania tu, si unajua mtu akikoroma anasingiziwa kila kitu. Kilichonishtua ni siku moja nimesimama kwenye taa nyekundu, nikaja kuamshwa na honi za nyuma, taa imeshakuwa kijani zamani na mi nimesinzia mguu uko kwenye breki. Saa nne asubuhi hiyo! Na usiku wake nililala masaa nane kamili. Hapo ndo nikaanza kujipima hiyo apnia, yaani ugonjwa wa pumzi kukatika-katika ukiwa usingizini.

Nilianza na nilichokuwa nacho, saa ya mkononi ile inayohesabu hatua. Kila asubuhi inanipongeza, usingizi mzuri, alama 82, wakati mi mwenyewe kichwa kinagonga na mdomo umekauka hadi ulimi unanata. Kuna saa mpya siku hizi zinaangalia dalili za apnia na kukupa onyo, yangu haikuwa na kazi hiyo, na hata hizo zenye nayo zinaishia kukwambia kamwone daktari, hazikwambii unaumwa au huumwi. Kwa hiyo saa nikaachana nayo.

Simu ndo ilinivua nguo. Nilipakua programu ya kurekodi kukoroma, ya bure tu, nikaiweka simu karibu na mto na kuichomeka chaji. Asubuhi nikavaa hedifoni nikaanza kusikiliza. Saa tisa na robo usiku nakoroma kama jenereta, halafu ghafla kimya. Nikadhani programu imekwama, kuangalia naona muda unatembea kama kawaida, nikarudisha nyuma nikahesabu mwenyewe, sekunde 27 hamna kitu, unasikia feni tu, alafu nakurupuka kama mtu aliyekuwa anazama katolewa majini, na kwa mbali sauti ya mke wangu, "geuka basi, we baba, geuka". Sikumbuki hata kidogo. Kitaalamu pumzi ikikatika kuanzia sekunde 10 inahesabika tukio moja, sasa mi nilikuwa na 27 na hiyo ni moja tu kati ya nilizosikiliza, nyingine nilishindwa kuzimalizia. Nikamwomba msamaha mama watoto, akacheka.

Nikajaza na maswali ya STOP-Bang, ya kuangalia kama uko kwenye hatari ya apnia, yapo nane ya ndiyo na hapana: unakoroma kwa nguvu, unachoka mchana, kuna mtu kakuona unaacha kupumua, una presha, halafu uzito, umri zaidi ya 50, unene wa shingo na kama ni mwanaume. Shingo nilijipima kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 44. Umri na uzito vikaniokoa, mengine yote sita ndiyo. Kuanzia tano unahesabiwa hatari kubwa. Dakika mbili tu na halina gharama, nawashauri muanze na hili kabla hamjanunua chochote.

Mimi bahati mbaya nilikuwa nimeshanunua, kale kadude ka kubana kidoleni ka kupima oksijeni. Hapa niseme ukweli, kale kadogo ka kawaida kanakuonyesha namba ya sasa hivi tu, na we umelala, nani ataisoma? Unatakiwa upate kenye kurekodi usiku mzima. Halafu vidole vikiwa vya baridi au una rangi ya kucha kanachanganyikiwa, na kwenye ngozi nyeusi vipimo hivi vinaweza kusoma juu kidogo kuliko hali halisi, kwa hiyo usione 94 ukapiga makofi. Kangu kalichomoka kidoleni kila usiku nikawa nakakuta chini ya shuka. Hela ya bure.

Basi nikaenda kwa daktari nikamsikilizisha ile klipu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusema kitu, akanipa kifaa chenyewe cha kupimia nyumbani. Ni kaboksi kadogo unakavaa kifuani kwa mkanda, kuna waya wa kidoleni na mrija wa plastiki wenye vijidomo viwili vya kuingia puani, kama ule wa wagonjwa wa oksijeni ila huu hauleti hewa, unasikiliza tu unavyopumua. Kuvaa ni rahisi, mafunzo yake dakika kumi.

Kulala nacho sasa! Usiku wa kwanza nilikaa macho kama masaa mawili natazama dari, naogopa hata kujigeuza. Nilipokuja kulala mrija ukatoka puani, asubuhi nikaukuta umenizunguka shingoni, kifaa kikawa kimepata masaa mawili na nusu tu ya maana. Nikaambiwa haitoshi, rudia. Usiku wa pili nikaubandika kwa plasta mashavuni huku na huku, ukakaa. Ushauri wangu bandikeni kuanzia mwanzo, ukiwa na ndevu zinyoe hapo pembeni maana plasta haishiki. Na usinywe pombe usiku huo ukidhani itakusaidia kupata usingizi, inalegeza koo na majibu yanakuwa mabaya kuliko ulivyo.

Majibu: 19 kwa saa. Yaani kila saa pumzi inakatika au kupungua mara 19. Chini ya 5 ni kawaida, 5 mpaka 15 kidogo, 15 mpaka 30 wastani, 30 kwenda juu ndo kali. Oksijeni ilishuka hadi 79. Kilichonifurahisha ni kwamba hiki kifaa kinajua umelalaje, nikilala chali ni 34, nikilala ubavu 9. Kumbe ile "geuka basi" ya mke wangu ilikuwa tiba muda wote huo.

Ila kuna jambo daktari alinifafanulia ambalo kwenye boksi halijaandikwa. Kifaa hiki hakipimi ubongo kama maabara ya usingizi, kwa hiyo hakijui umelala masaa mangapi, kinagawanya matukio kwa muda wote kilichorekodi. Kama ulikaa macho unatazama dari muda huo nao unaingia kwenye hesabu na namba yako inashuka. Ndo maana kikisema unayo, unayo kweli karibu kila mara, ila kikisema huna na we unasinzia kwenye taa, usiende nyumbani ukatulia, omba upimwe maabara usiku mzima. Na wenye moyo kushindwa, ugonjwa mkubwa wa mapafu, waliowahi kupata kiharusi au wanaotumia dawa kali za maumivu jamii ya mofini, hao kwa kawaida wanapelekwa maabara moja kwa moja.

Mimi nimeshaandikiwa mashine ya kupuliza hewa, naanza nayo wiki ijayo, hiyo ni habari nyingine. Kwa sasa nalala ubavu, mke wangu kanishonea mpira mgongoni mwa fulana nisiweze kulala chali, unauma balaa.

Nyota 4 kwa kifaa. Moja nimeikata kwa ajili ya ule mrija.